Mara Tatu Alisema Haina

Philister alikuwa ameanza kunitambulisha kwa wageni kuwa mimi ni mwanawe wa Pwani, na sijawahi kutukanwa tusi lililoniuma kama sifa hiyo. Wageni wenyewe walikuwa akina mama wa kanisa lake la Magongo. Wangeingia, wanipe mkono, wanitazame nilivyoshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wa mume wa Philister, halafu watikise vichwa kwa kuridhika. Mmoja aliniambia vijana kama mimi wamekwisha duniani. Nilimjibu asante mama, nikaendelea kupuliza uji.

Jina langu ni Kiponda. Asili yangu ni Rabai, makazi yangu ni Chaani, kazi yangu ni kufunga sola. Huyo niliyekuwa nikimlisha ni Absalom, fundi wa nguzo za stima, mtu wa bara aliyeishi Changamwe miaka mingi kuliko niliyoishi mimi duniani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na ndani ya bendeji vidole viwili havikuwepo tena. Stima ndiyo iliyovichukua. Stima hiyo ilitoka kwenye paneli nilizofunga mimi, ikapitia swichi niliyofunga mimi, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mteja wangu mmoja. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia kwa sababu ya uji.

Absalom ndiye aliyenifundisha stima. Nilimbebea ngazi miaka mitatu katika kampuni ya mkandarasi inayotengeneza nyaya za mitaani, na katika miaka hiyo sikumwona hata siku moja akiharakisha. Jua la saa saba lingeweza kuwa linatuchoma utosi, watu wameizunguka nguzo wakitutukana kwa ajili ya friji zao, naye angefungua kasha la testa polepole kama mzee anayetoa miwani yake. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza mwenzake alikwenda kwenye transfoma, akatoa fyuzi, akakaa papo hapo kuzilinda, asije mjuaji mmoja akazirudisha. Kisha Absalom alipanda na kupima. Aligusa waya wa kwanza kwa testa na kusema kwa sauti, "Haina." Wa pili, "Haina." Wa tatu, "Haina." Akishasema mara tatu, alifunga waya mnene wa kushusha umeme ardhini upande wa transfoma, kwa kuwa stima hutoka upande wa transfoma. Ndipo alipoanza kazi.

Nilikuwa nikimtania kwamba anazungumza na nyaya. Akanijibu kuwa mkono husahau ulichofanya dakika tano zilizopita, lakini ukikisema kwa mdomo, sikio litakukumbusha. Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilidhani kukumbuka ni kazi ya wazee.

Baadaye nikaenda zangu kusomea sola, nikapata cheti, nikawa bosi wangu mwenyewe. Kazi ikanoga. Kutoka Port Reitz hadi Mikindani watu walichoka na stima inayopotea bila kuaga, na sheria ikaruhusu mtu mwenye paneli kuurudisha umeme wake wa ziada kwenye nyaya za mtaa, mita ikihesabu unaoingia na unaotoka. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilikuwa nikipita chini ya nguzo za mzee wangu na kujiambia kwamba yeye ni wa jana, mimi ni wa kesho.

Katika wateja wangu alikuwamo Dada Nyevu wa Chaani, ambaye aliuza barafu. Kila alfajiri wauza samaki walipanga ndoo mlangoni kwake, mchana wakaja wauza sharubati. Nilimfungia paneli kumi na mbili juu ya paa na inverta nzuri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, mkaguzi akaja akaipitisha, tukapiga picha. Wiki ya pili stima ya mtaa ilipotea saa nne asubuhi, jua likiwaka kama adhabu, na sola ya Dada Nyevu nayo ikazimika. Alinipigia simu, nikaenda. Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. Stima ya mtaa ikipotea, inverta hulala yenyewe, ili isije ikapeleka umeme barabarani na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Akaniuliza ni sola gani hiyo inayolala mchana.

Wateja wote huuliza swali hilo. Kwa kawaida nilikuwa na jibu. Siku hiyo jibu hilo halikunitosha, kwa sababu barafu yake ilikuwa inayeyuka na kupita mlangoni hadi kwenye mtaro huku wapita njia wakiitazama, na kwa sababu jirani yake mmoja alikuwa akiniangalia na kutabasamu. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nikichekwa hufanya mambo ya kipumbavu kwa ustadi mkubwa.

Nilimfungia betri na swichi mbili. Ile kubwa ya njano ilikata nyumba yake kutoka kwenye waya wa mtaa. Ile ndogo nyeusi iliamsha betri, na betri ikaidanganya inverta kwamba stima ya mtaa bado ipo, ikaendelea kufanya kazi. Kilichotakiwa ni kushusha ya njano kwanza, ndipo upandishe nyeusi. Ukikosea mpangilio, unausukuma umeme wako barabarani. Kuna kifaa kinachofanya hivyo chenyewe bila kutegemea mkono wa mtu, na nilimwahidi kwamba nitakiagiza Nairobi mwezi ujao. Kwa wakati huo nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika juu ya kasha: NJANO KWANZA. Mwezi ujao huo ulidumu miezi kumi na minne.

Na jambo lingine, ambalo sikumwambia mtu. Katikati ya miezi hiyo nilikwenda kumjulia hali Absalom nyumbani kwake, na tukinywa chai aliniuliza kuhusu hizi sola zetu. Alikuwa ameona mapaa yakibadilika na jambo hilo lilimkaa moyoni. Alitaka kujua, stima ya mtaa ikipotea, sola hufanya nini.

"Zinalala, mzee," nilimwambia. "Usiwe na wasiwasi."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye fundi pekee aliyemjua ambaye alifanya kazi zote mbili, ya nguzo na ya paa. Kama kulikuwa na mtu mmoja Changamwe aliyepaswa kumwambia kwamba siku hizi stima inaweza kutoka pande mbili, mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kochi lake akila mandazi yake.

Ilikuwa Jumatano. Kampuni ilikuja kubadilisha waya uliochakaa mbele ya nyumba ya Dada Nyevu. Mwenzake Absalom siku hiyo alikuwa Griffin, mtu mzima mwenye kuaminika, naye alitoa fyuzi na kukaa kwenye transfoma, nyuma ya maghala, mahali ambapo nguzo yenyewe haionekani. Waya ulikuwa umekatwa nguzo mbili nyuma, na kipande kilichobaki kilikuwa na nyumba nne tu. Absalom alifunga waya wake wa ardhini upande wa transfoma, nyuma ya pale ulipokatwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Upande wa pili hakufunga kitu. Upande wa pili kulikuwa na nyumba za watu, na tangu lini nyumba zikatoa stima?

Dada Nyevu alinipigia saa sita kasoro. Hakuwa analia, alikuwa akiongea haraka kama anayesoma. Alisema alikuwa uani, akamsikia mzee juu ya nguzo akisema haina, haina, haina. Akajua kazi imeanza na itachukua muda. Wauza sharubati walikuwa wanamngoja. Aliingia ndani na simu sikioni, akiongea na dadake wa Kaloleni, akapandisha ile nyeusi. Inverta ikanguruma. Ndipo macho yake yakaangukia maandishi yangu, akashusha ya njano. Katikati hapo, alisema, ilipita dakika moja. Labda haikutimia. Kisha akasikia watu wakipiga kelele nje, akatoka, akamwona mzee ananing'inia kwenye mkanda wake wa usalama.

Nilimwambia asiseme neno kwa mtu yeyote.

Sikumuuliza Dada Nyevu huyo mzee ni nani, nilijua. Sikumuuliza kama anapumua. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hilo, na nimelirudia kichwani mara nyingi mno tangu siku hiyo, nikitafuta namna ya kulisikia vingine. Saa kumi jioni, wakati Absalom yuko chumba cha upasuaji, mimi nilikuwa Chaani natoa swichi nyeusi. Niliziba matundu ya skrubu kwa simiti nyeupe, nikafuta maandishi kwa petroli, nikaondoka na betri kwenye tuktuk. Kesho yake akaja Mutua, afisa wa usalama wa kampuni, akapiga picha kila kona ya mtaa. Dada Nyevu aliniambia baadaye kwamba Mutua alisimama mbele ya kasha lake na kuwaonyesha wenzake kwamba hivi ndivyo kazi safi inavyokuwa.

Basi Mutua hakuona kosa popote. Fyuzi zilikuwa mikononi mwa Griffin, waya wa ardhini ulikuwa mahali pake, na sola zote za mtaa zilikuwa na muhuri wa mkaguzi. Likabaki jambo moja tu. Aliandika kwamba fundi alipanda na kushika waya bila kupima, kabla fyuzi hazijatolewa, na kwamba waya wa ardhini ulifungwa baada ya ajali. Griffin hakuwepo chini ya nguzo. Hakuna aliyemwona mzee akipima, hakuna aliyemsikia, kwa maana ya mtu aliyejitokeza kusema amesikia.

Mimi nilikuwa nakwenda kila siku. Kwanza hospitali, kisha, alipotolewa, nyumbani Magongo. Nilibeba machungwa, kwa sababu daktari alitaja matunda. Nilimwosha, nikamnyoa ndevu, nikamlisha wakati Philister yuko sokoni. Nilijiambia kwamba namlipa. Lakini kila nilipofika, Philister alisema Mungu ameona, na kila aliposema hivyo nilitamani kuruka dirishani. Nyumba yao iko chini kwenye ardhi, ningeangukia kwenye kuku.

Siku ya ishirini na mbili, ambayo pia ilikuwa Jumatano, nilimkuta Absalom ameketi na karatasi mapajani. Ilitoka kwa Mutua. Ilisema kwamba yeye, Absalom, anakubali alipanda bila kupima, na kwamba kwa heshima ya utumishi wake kampuni itamstaafisha bila kelele. Asipotia sahihi kufikia Ijumaa, ataitwa kwenye kikao na kufukuzwa. Nilimwambia asitie sahihi. Nilisema kwa ukali hata akashtuka.

Ndege ilikuwa inashuka kwenda uwanjani, ikabidi tungoje ipite juu ya paa ndipo aongee.

"Kiponda, nataka kukuuliza na usinifiche. Wewe unanijua kazini. Inawezekana sikupima?"

Nikasema haiwezekani.

"Nakumbuka nikisema haina," akaendelea. "Naisikia kabisa. Lakini nimesema haina miaka ishirini na sita. Sijui hii ninayoisikia ni ya siku ile, au ni ya siku nyingine. Usiku nahesabu. Napanda, nafungua kasha, natoa testa. Hapo inakatika. Halafu najiambia, stima haiwezi kutoka hewani. Kama waya haukuwa na stima, nimeunguzwa na nini? Basi ni mimi. Nimezeeka, nimepanda kama mlevi, na sasa nawasumbua watu kwa uongo."

Alisema hayo bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetafuta miwani iliyopotea. Philister alikuwa jikoni, na kutoka kule aliitikia kwamba atie tu sahihi yaishe, asijitese. Nikaelewa kwamba walikuwa wameshazungumza, na kwamba mkewe pia hakumwamini tena. Sikuweza kukaa. Nilisema nina mteja ananingoja, nikatoka.

Siku zote hizo nilikuwa na kisingizio kizuri. Nilijiambia ninanyamaza kwa ajili ya Dada Nyevu. Mwanamke mjane, barafu ndiyo kazi yake pekee, nikisema atakatiwa stima na kushtakiwa, na kosa ni langu si lake. Kisingizio hicho kilinisaidia kulala. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwake, nadhani nilitaka anisihi ninyamaze, nipate nguvu ya siku nyingine.

Sikukuta ndoo mlangoni. Majokofu yake mawili yalikuwa wazi, makavu, yameegemezwa vijiti vifuniko visijifunge. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchicha. Hakuinuka. Niliuliza kulikoni, akanijibu kwamba hajagandisha barafu tangu siku ile, kwa kuwa akisikia inverta ikinguruma huikimbilia kuizima. Alikuwa amewaambia wauza samaki waende kwingine. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Nikaanza kumweleza kuhusu ile karatasi ya Mutua, na kwamba nimekuwa nikifikiria sana hali yake yeye, na watoto wake, na jinsi ya kumkinga. Akaweka mchicha chini.

"Mara mbili nimefika lango la hospitali na supu mkononi, nikarudi nayo," alisema. "Sikurudi kwa kuogopa polisi. Nilirudi kwa kuwa wewe uliniambia ninyamaze, na wewe ndiye fundi, nikadhani wajua unalofanya. Usiniweke mbele yako, Kiponda. Waniogopea mimi, ama wajiogopea mwenyewe?"

Nilipiga moyo konde nikajaribu kukasirika, kama kawaida yangu, na hasira haikuja. Aliniuliza kama mzee anajua kwamba kuna mtu aliyemsikia. Nikasema hajui. Akaniuliza kama mzee bado ana hakika kwamba alipima. Hapo nikamweleza nilichoambiwa jana yake, kuhusu kuhesabu usiku. Dada Nyevu alijifunika uso kwa kanga yake, na alipoufunua alisema kwamba nikimaliza leo bila kusema, kesho asubuhi atakwenda yeye, kwa miguu, na atasema yote mawili, la kwake na la kwangu.

Nilitembea kutoka Chaani hadi Magongo, malori ya bandarini yakinipita kwa vumbi. Njiani nilinunua machungwa. Sijui kwa nini. Mkono ulikuwa umezoea.

Nilimkuta Absalom peke yake sebuleni, Philister akiosha vyombo nyuma. Karatasi ilikuwa mezani, na juu yake kalamu. Alikuwa amejifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, kwenye gazeti la zamani alikuwa ameandika jina lake mara nyingi kwa herufi zilizoanguka. Aliponiona alifurahi, akaniambia afadhali nimekuja, nimsaidie kushikilia karatasi isiteleze.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuomba radhi. Yote yalipotea. Nilipiga magoti kwenye zulia lake na kusema lile lililokuwa la kwanza.

"Mzee, ulipima. Ulisema haina mara tatu. Kuna mtu alikusikia."

Hakunielewa. Nikamwambia tena, polepole, na nikaendelea hadi mwisho: paneli, betri, swichi ya njano na nyeusi, dakika moja. Nilimwambia kwamba aliponiuliza kuhusu sola, miezi ile, nilimdanganya. Nilimwambia jinsi nilivyoitoa swichi na kuziba matundu. Nilisema yote huku nikiangalia miguu yake, na nilikuwa nangoja kofi, au laana, au aniambie niondoke. Nilikuwa tayari kwa lolote katika hayo. Ningelipokea kwa furaha.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Alisikia zote?"

"Zote, mzee. Alikuwa uani."

Akaegemea kiti, akafumba macho. Mabega yake yakashuka polepole, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa mtoto aliyepotea. Hakunitazama. Nadhani kwa muda huo hakukumbuka nipo. Nilikuwa nimemletea habari ya mtu aliyemnyang'anya vidole, naye aliichukua kama zawadi. Sijui kama kuna adhabu inayozidi hiyo, na kama ipo nisingependa kuijua.

"Philister," aliita. "Njoo usikie. Nilipima."

Philister akaja akijifuta mikono. Absalom akaniambia nirudie. Nikarudia yote, nikiwa bado kwenye magoti. Yeye hakulia. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, kisha akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu siku ile ile, saa sita kasoro. Niliona macho yake yakienda kwenye bakuli la uji, kwenye wembe niliomnyolea mumewe, kwenye kochi nilipozoea kukaa, akizipitia siku zangu moja moja. Akakaa karibu na mumewe, akamshika ule mkono mzima. Alimwomba msamaha kwa kuwa alimwambia atie sahihi yaishe. Absalom alimpigapiga mkono, akasema hata yeye alikuwa ameacha kujiamini.

Kisha akafungua macho na kuwa tena mtu niliyemjua kazini. Aliniambia niinuke, nivute meza, nigeuze karatasi ya Mutua upande usio na maandishi. Yeye hawezi kuandika haraka, alisema, kwa hiyo nitamwandikia. Alinitajia maneno pole pole, akinisahihisha kila nilipotaka kufupisha. Nilipoandika kwamba kulitokea hitilafu kwenye mfumo wa sola, alinifutisha. Hakukutokea kitu, alisema, mtu alifanya kitu. Aliniandikisha jina langu lote, namba ya cheti changu, tarehe niliyofunga swichi na saa niliyoitoa. Aliniandikisha pia kwamba kila kipande cha waya kinachofanyiwa kazi kifungwe ardhini pande zote mbili kuanzia sasa, kwa sababu Griffin atapanda kesho, na kuna mapaa mengine, na huenda kuna Kiponda wengine. Nikamwambia kwamba wapo. Nikamtajia nyumba mbili nilizozijua, na nikaziandika.

Lakini hayo alitaka yawe chini. Mstari wa juu kabisa, kabla ya jina langu, alitaka pawe na maneno matatu: Absalom alipima waya. Nilipomaliza aliniambia nimsomee huo mstari. Nikausoma. Akasema nirudie. Nikausoma. Kabla sijausoma mara ya tatu, akausema yeye mwenyewe.

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Ofisi ya Mutua ilikuwa bado wazi, na nilijua kwamba nikitoka pale cheti changu kimekwisha, na pengine si cheti tu. Jambo hilo lilikuwa mbali sana nami, kama habari za mtu mwingine. Nilitaka kusema neno kwa Absalom lakini alikuwa amegeukia dirisha, anatingisha kichwa taratibu, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anahesabu tena, na safari hii haikuwa inakatika.

Philister alinisindikiza hadi mlangoni. Hakuniita mwanangu. Alikuwa ameuchukua mfuko wangu wa machungwa kutoka mezani, akaniwekea mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake, vyote vitano, kimoja kimoja.

"Haya ni ya leo," alisema. "Yale ya siku nyingine tulishayala."